Uzi: Swala wakiingia shambani mwako, usiwamwagie mahindi

MamaKongoni (mwanzilishi wa uzi)

Habari zenu wakuu. Nimeufungua uzi huu kabla kiangazi hakijakaza, maana mvua ikichelewa huku kwetu kusini mwa Ziwa Naivasha mambo huwa ni yale yale. Swala pala, kuro, punda milia na hata twiga wanaingia kwenye mashamba na ploti, mbavu zinahesabika, na mtu mwenye huruma anatoa gorogoro mbili tatu za mahindi anazimwaga kando ya ua. Wengine wanatupa mabaki ya ugali, mkate na maganda ya viazi. Kuna nyumba moja ya wageni ambayo kila jioni hugonga sufuria ili swala waje kula na wageni wapige picha.

Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: mnyama wa porini asilishwe na mtu. Ukitaka kumsaidia, muachie majani, muachie njia ya kufika majini, ondoa waya unaomkata miguu. Hiyo ndiyo kazi yetu wenye mashamba. Ni ngumu kuliko kumwaga mahindi, na nadhani ndiyo maana wengi wanaikwepa.

Nianze na tumbo, kwa sababu hapo ndipo watu wengi hawajaelezwa. Swala hucheua, sawa na ng'ombe na mbuzi. Chakula chake huchachushwa kwanza na vijidudu wasiohesabika wanaoishi kwenye tumbo la kwanza, na vijidudu hao huzoea kile anachokula kila siku. Wakati wa kiangazi swala pala anaishi kwa nyasi kavu, majani ya leleshwa, vichipukizi na maganda ya migunga. Tumbo lake limejaa vijidudu wa kuvunja nyuzinyuzi. Mpe mahindi ghafla, wanga ule unachachuka kwa kasi, asidi inapanda, vijidudu wale wanakufa, ukuta wa tumbo unaungua, maji ya mwili yanavutwa tumboni. Mnyama anaweza kufa kwa siku moja au mbili akiwa ameshiba. Mwenye ng'ombe yeyote anajua kinachotokea ng'ombe akivunja mlango wa ghala usiku. Ili tumbo lizoee nafaka, linataka kama wiki mbili tatu za kuongezewa kidogo kidogo. Nani atampimia swala wa porini? Na yule dhaifu, ambaye ndiye uliyemhurumia, ndiye anayekula kwa pupa zaidi.

Punda milia hacheui, lakini naye mahindi mengi humletea msokoto wa tumbo na uvimbe wa kwato, na punda milia asiyeweza kutembea hana maisha.

La pili ni kuwakusanya. Wanyama waliokuwa wametawanyika sasa wanalamba pale pale, wananyea pale pale, wanaachiana minyoo na kupe. Chui na fisi nao hawakawii kujua mahali nyama inapokusanyika kila jioni, na mahali hapo ni karibu na banda lako la mbuzi. Mtu wa mitego ya waya anajua kabla ya chui.

Karibuni, hasa wafugaji, na ninyi wa Kisumu na Kitale ambao mna mambo yenu na tumbili na nzohe, yule swala wa kwenye vinamasi.

Kijana_wa_Karagita

Mama, heshima kwako, lakini mimi hapa siko nawe. Mwaka 2022 tulikuwa wapi? Serikali yenyewe ilitoa hesabu ya wanyama waliokufa kwa ukame kati ya Februari na Oktoba mwaka ule: ndovu 205, nyumbu 512, punda milia wa kawaida 381, nyati 51, twiga 12, na punda milia wa Grevy 49. Hawa hawakufa kwa mahindi ya mtu. Walikufa njaa na kiu. Na kule Samburu watu wa uhifadhi walibeba marobota ya nyasi kuwapelekea hao wa Grevy. Kama mtaalamu analisha na anasifiwa, mbona mimi nikitoa nusu robota la nyasi za boma rhodes nionekane nimekosea? Mnyama anakufa mbele ya mlango wangu nikimtazama?

MamaKongoni

Kijana wangu, swali lako ni zito na silipuuzi. Nami hali ile ya 2022 iliniuma.

Lakini tazama kilichofanyika Samburu. Punda milia wa Grevy wamebaki kama 3,000 hivi duniani kote, na wengi wao wako hapa Kenya. Kila jike anayekufa ni pengo. Walipelekewa nyasi, tena si nafaka, na waliozipeleka ni watu wanaowafuata wanyama hao kila siku, wanajua kundi lipi liko wapi na lini mvua imenyesha ili waache. Ilikuwa dharura ya kuokoa aina nzima isitoweke.

Swala pala wa huku kwetu Kongoni hawako katika hali hiyo. Ukimtolea nusu robota leo, kesho watakuja kumi, kesho kutwa thelathini. Utanunua marobota hadi lini? Siku ukisafiri au pesa ikiisha, una wanyama thelathini waliokusanyika kwenye ekari moja isiyo na jani, wameacha kuzunguka kutafuta. Umewahamisha kutoka mahali palipokuwa na kidogo ukawaleta mahali pasipo na kitu.

Na robota lako lilivunwa wapi? Mara nyingi ni nyasi za shamba ambalo zamani swala walikuwa wanakula wenyewe, sasa limezungushiwa ua.

Daktari_wa_Mifugo

Mama Kongoni amesema kweli kuhusu tumbo. Niongeze niliyoyaona kwa macho, kwa kuwa nimetibu mifugo upande wa Gilgil na Naivasha muda mrefu.

Niliitwa shamba moja ambako swala pala jike alikutwa amelala kando ya ua, tumbo limevimba upande wa kushoto. Askari wa KWS, shirika la serikali la wanyamapori, walikuwepo. Kwanza tulipima damu kuhakikisha si kimeta, maana mzoga wa kimeta haupasuliwi kamwe. Tulipofungua tumbo la kwanza, mahindi yalikuwa mazima mazima, ya njano, yakielea kwenye maji ya kijivu yenye harufu kali kama uji uliochacha siku nne. Nilipopitisha kidole kwenye ukuta wa ndani, utando ulitoka wenyewe na chini yake palikuwa pekundu. Alikuwa na mimba. Misulini hakuwa amekonda sana. Angeweza kuifikia mvua. Aliyemwaga mahindi alikuwa mzee mwema kabisa, na alilia.

Sasa magonjwa. Kwa mfugaji wa Nakuru haya ndiyo yatakayomgusa mfukoni.

Kupe wa masikio, yule wa kahawia, ndiye anayeleta ndigana kali. Anapanda ng'ombe na anapanda wanyama wa porini pia. Ukiwaita swala na kuro wale mahali ng'ombe wako wanapolala, unaleta kupe wapya kila jioni na dawa unayonyunyizia inakuwa kazi bure. Nyati wakifuata chakula hicho, hesabu inabadilika zaidi: nyati hubeba virusi vya ugonjwa wa miguu na midomo bila kuonyesha dalili, na hubeba vimelea vya ndigana ya nyati ambavyo huua ng'ombe wa gredi haraka. Mnajua karantini ikiwekwa soko la mifugo linafungwa, hata asiye na ng'ombe mgonjwa anakosa karo ya watoto.

Kimeta mnakikumbuka. Mwaka 2015 kiliua nyati wengi ndani ya mbuga ya Nakuru, na faru ilibidi wachanjwe. Mbegu za kimeta hukaa ardhini miaka na miaka. Wanyama wengi wakila mahali pamoja, wakikwangua chini kabisa kwa sababu chakula kimemwagwa kwenye udongo, wanaokota udongo pamoja na chakula. Ukiona mzoga unaotoka damu isiyoganda puani au nyuma, usiuguse, usiuchune, weka watoto na mbwa mbali, piga simu.

Na kitu kimoja ambacho watu hawakifikirii: chumvi ya kulamba. Wengi wenu mnaacha chumvi na magadi nje usiku kucha. Hiyo nayo ni kulisha wanyama wa porini. Ingizeni ndani jioni.

MtuWaDunga

Mimi ni wa Kisumu, na hapa kwetu somo tumelipata kwa tumbili.

Tuna ile hifadhi ya swala pala kando ya ziwa, iliyotengwa mwaka 1992 kwa ajili ya kundi dogo la swala lililokuwa limebaki mjini. Ni mahali padogo, mji umeizunguka, usiku viboko wanapanda kutoka ziwani kula nyasi. Swala hawana neno. Shida ni tumbili. Wanatoka, wanapita Milimani hadi huku Dunga, na wamezoea kwamba mtu mwenye mfuko ana chakula. Wamezoezwa na nani? Na watu wanaosimamisha gari na kurusha ndizi na chipsi, watoto wanacheka, gari linaondoka.

Anayebaki ni mama anayetoka sokoni. Jirani yangu alinyakuliwa mfuko wa ndizi, na mtoto wake wa kike alipomvuta tumbili mkia akaumwa mkononi. Wakaanza safari za hospitali, sindano za kichaa cha mbwa moja baada ya nyingine, na mama yule anauza samaki, siku ya hospitali ni siku bila mauzo. Halafu watu wanasema tumbili ni wabaya, wauawe, wawekewe sumu. Tumbili hakuamka akawa hivyo. Alifundishwa.

Hata nyani wa mbuga ya Nakuru pale juu ya genge, kila aliyepanda kwenda kuona ziwa anajua: ukiacha dirisha wazi chakula chako kimekwenda. Nyani kama hao hatimaye hupigwa risasi, wakati aliyewarushia mkate yuko kwake nyumbani salama.

Swali langu: sheria inasemaje kwa mtu anayelisha kwenye shamba lake mwenyewe?

Mjumbe_Nyumba_Kumi

Ndugu wa Dunga, ndani ya mbuga zote za KWS kulisha wanyama ni marufuku, na hilo liko kwenye kanuni unazopewa langoni. Kwenye shamba lako, kitu cha kukumbuka ni kwamba mnyama wa porini ni mali ya taifa hata akiwa amelala chini ya mti wako. Uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977, na kumfuga au kumfungia bila kibali ni kosa.

Sehemu inayowauma watu ni fidia. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inasema mtu akiuawa na mnyama aliye kwenye orodha, familia inastahili shilingi milioni 5. Kwa mimea na mifugo pia kuna fidia, kupitia kamati ya kaunti. Lakini sheria hiyo hiyo inasema fidia ya mali haitolewi kama mwenye mali hakuchukua hatua zinazofaa kulinda mimea au mifugo yake. Sasa wewe mwenyewe uliwaita wanyama kwa mahindi, majirani wameona, picha ziko kwenye simu za wageni. Ukienda kudai kwamba nyati amevunja ua au fisi amekula kondoo, utajieleza vipi? Jirani yako ambaye hakulisha yeyote naye anapata hasara ya mazoea uliyoyaanzisha wewe. Na tumbili hayumo kabisa kwenye orodha ya fidia ya mimea. Akimaliza mahindi yako yamekwisha.

Mimi nimeshakaa baraza za majirani waliogombana kwa ajili hii hii. Mmoja anasema ni shamba langu nafanya nitakavyo, mwingine anaonyesha maharagwe yaliyokatwa hadi shina. Wanyama hawajui mpaka wa ploti uko wapi.

Mwanakijiji_Ughaibuni

Salamu kutoka Marekani, jimbo la Michigan. Kwetu asili ni Njoro. Nimeusoma uzi huu nikaona niwaeleze wenzetu wa huku walikopitia, kwa sababu kulisha kulungu ni desturi kubwa sana hapa. Mtu ananunua magunia ya mahindi, karoti na viazi sukari, anayamwaga nyuma ya nyumba, kulungu wanakuja hadi dirishani.

Mwaka 1994 kulungu mmoja aliyepigwa na mwindaji kaskazini mashariki mwa jimbo hili alikutwa na kifua kikuu cha ng'ombe. Walipopima wengine wakagundua ugonjwa umekwishajikita kwenye kulungu wa eneo lile. Chanzo cha kuenea hivyo kilikuwa hayo marundo ya chakula: wanyama wengi, pua kwa pua, mate kwenye kiazi kimoja. Kulungu wakaambukiza ng'ombe wa mashamba, na kulisha kukapigwa marufuku katika wilaya zile. Miaka imepita na ugonjwa bado wanapambana nao.

Kisha kuna ugonjwa mwingine wa kulungu unaokula ubongo hadi mnyama anakonda, anatembea akiyumba, mate yanamtoka, anakufa. Uligunduliwa kwanza Colorado mwaka 1967. Hauna dawa wala chanjo, na kinachousababisha hukaa kwenye udongo miaka mingi. Ulipofika kwa kulungu wa porini wa Michigan mwaka 2015, jimbo likachukua hatua, na tangu 2019 kulisha kulungu kumekatazwa katika rasi yote ya chini ya jimbo, ndiyo sehemu yenye watu wengi. Kuna watu walikasirika sana. Walisema wamelisha tangu enzi za baba zao.

Lakini mfano unaonifanya nifikirie Kongoni ni wa Wyoming. Pale karibu na mji wa Jackson kuna hifadhi ya elk, wale kulungu wakubwa, ambako chakula cha majira ya baridi kimekuwa kikitolewa tangu 1912. Kilianza kwa huruma, kwa kuwa malisho yao ya bondeni yalikuwa yamegeuzwa mashamba na mji. Zaidi ya miaka 100 baadaye ni vigumu mno kuacha. Makundi yale yanabeba brusela, ugonjwa ule ule unaowatupisha ng'ombe mimba huko kwetu, kwa kiwango cha juu kuliko makundi ambayo hayalishwi. Nchi tajiri ile imeshindwa kujitoa. Sisi tutajitoa kwa pesa gani?

Huko kwetu Kenya hatuna ugonjwa ule wa ubongo, sisemi upo. Nasema njia ya kuambukizana ni ile ile.

Mkulima_Kitale

Mimi nitasema kama mkulima, na naomba nisieleweke vibaya. Nalima mahindi na nafuga ng'ombe wa maziwa karibu na kinamasi cha Saiwa. Mbuga ile ni ndogo kuliko zote za taifa, kama kilomita mraba 3 tu, ilitengwa 1974 kwa ajili ya nzohe. Sisi mashamba yetu yanafika hadi ukingoni kabisa. Usiku nzohe wanatoka kwenye mafunjo kuja kula.

Sijawahi kumwagia nzohe chochote na sitamwagia. Lakini Mama Kongoni anasema "muachie majani, muachie njia". Mama, ekari yangu moja ya mahindi ndiyo karo ya mtoto wangu sekondari. Nikiacha ukanda wa kando ya kinamasi bila kulima, nani atanilipa? Watalii wanalipa langoni. Mimi silipwi. Huruma ya kuacha ardhi ni ghali kuliko huruma ya gorogoro, na mara nyingi inaombwa kwa maskini.

MamaKongoni

Mkulima, hapo umegusa penyewe. Siwezi kukuambia uache ekari yako bure, na mtu mwenye ekari 300 asikuambie hivyo wewe mwenye 2.

Ila nikueleze ninavyoiona ardhi yetu huku. Wanyama wa Naivasha wengi hawaishi ndani ya mbuga. Wanazunguka kati ya Hell's Gate, Longonot, Eburru, mashamba makubwa na ziwa. Zamani kuro akitaka maji anashuka moja kwa moja. Leo kuna shamba la maua, kisha ua wa umeme, kisha ploti za nusu ekari, kisha barabara ya lami ya Moi South Lake yenye malori na boda boda usiku kucha, kisha ua mwingine. Na ziwa nalo lilipofurika kuanzia miaka ile ya 2019 na 2020, nyasi za ukingoni walizokuwa wakitegemea wakati wa kiangazi zikaingia majini. Kwa hiyo ukiona swala anasimama mlangoni pako amekonda, mara nyingi shida yake ni kwamba chakula na maji viko, ila vimefungwa upande wa pili wa waya. Mahindi hayafungui waya.

Kwa hiyo naanza na wenye ardhi kubwa, mashamba ya maua na nyumba za wageni zinazopata pesa kwa sababu wanyama wapo. Hao waache njia pana isiyo na ua hadi ziwani. Sheria ile ya 2013 inatambua hifadhi za jamii na za watu binafsi, na inaruhusu mwenye shamba kuweka mkataba wa kulinda sehemu ya ardhi yake isijengwe. Nyumba ya wageni inayogonga sufuria jioni ingeweza kuwalipa majirani kumi wenye ploti za mpakani wasizungushe waya wa miiba, na wageni wangeona swala wakipita wenyewe, wakiwa wazima.

Kwa sisi wadogo, kuna mambo yasiyokula ekari. Ua wangu ni wa waya laini. Waya wa chini hauna miiba na uko sentimita 40 hivi kutoka ardhini, ili digidigi na mtoto wa swala apite chini. Wa juu hauzidi mita moja na kidogo, ili mkubwa aruke asininginie. Bustani ya mboga peke yake ndiyo niliyoizungushia wavu mzito. Kando ya korongo sikati leleshwa wala migunga. Ni mahali ambapo hata mahindi hayaoti vizuri kwa mawe. Wewe Mkulima kule kwako, hatua chache za kando ya kinamasi ambazo maji huzifunika kila Agosti, je, zinakupa gunia ngapi kweli? Hizo ndizo ningeanza nazo, na mafunjo yakirudi yatakushikia udongo wako pia.

Mkulima_Kitale

Hizo za Agosti mara nyingi huoza, ni kweli. Hilo nalikubali na nitalifikiria na mama watoto. La kulipwa bado nalidai.

MamaKongoni

Lidai. Mimi niko nyuma yako.

Kijana_wa_Karagita

Sawa, mahindi nimeelewa. Maji je? Mtu akiweka karai la maji, ni dhambi?

Daktari_wa_Mifugo

Maji hayaui tumbo, lakini yanakusanya wanyama vile vile, kwa hiyo si jambo la kila ploti. Digidigi hahitaji kunywa, anatosheka na majani. Swala granti anavumilia sana. Kuro ndiye asiyeweza kukaa mbali na maji. Kama ua umewafungia kabisa njia ya ziwani na wanaumia, ongeeni majirani pamoja na KWS, muweke birika moja la pamoja, mbali na nyumba, mbali na boma la ng'ombe, mbali na barabara. Liwe la chini, na upande mmoja uwe na mteremko ili mnyama mdogo akiingia aweze kutoka. Lioshwe. Birika chafu lenye kinyesi ni hatari kuliko kutokuwa nalo. Na ng'ombe wasinywe hapo.

Bibi_wa_Mang'u

Wapendwa, nisaidieni haraka. Mjukuu wangu ameleta nyumbani mtoto wa digidigi aliyemkuta peke yake kwenye nyasi saa sita mchana. Anasema ameachwa na mama yake. Nimpe maziwa ya ng'ombe?

Daktari_wa_Mifugo

Bibi, usimpe chochote. Hajaachwa. Digidigi na swala wengi humficha mtoto kwenye nyasi au kichaka wiki za kwanza, mama anakwenda kula na kurudi kumnyonyesha mara chache kwa siku. Mtoto kazi yake ni kutulia asionekane. Maziwa ya ng'ombe yatamharisha hadi afe.

Mjukuu amrudishe pale pale alipomtoa, chini ya kichaka kile kile, sasa hivi. Harufu ya mtu haitamfanya mama amkatae. Fungeni mbwa. Watu wasisimame karibu, maana mama akiwaona hatakuja. Kama kuna jeraha, nzi au funza, au kama mama mlimkuta amekufa, hapo ni KWS kituo cha karibu, na asikae kwako usiku, si kwa ubaya, ni sheria na ni uhai wake.

Bibi_wa_Mang'u

Asante daktari. Hana jeraha. Mjukuu amemrudisha, amepatambua mahali kwa kuwa aliacha fimbo yake pale. Mbwa nimewafunga. Tutatazama kwa mbali asubuhi, na kama bado yuko peke yake na amedhoofika nitawapigia KWS.

MamaKongoni

Vizuri bibi, utujulishe. Na wengine wenye nyumba mpakani mwa Hell's Gate, Jumamosi baadhi yetu tunapita kwenye korongo kukusanya mitego ya waya na vipande vya ua wa zamani. Njooni na glavu na koleo la kukatia waya. Tukikuta mtego wenye mnyama hatumgusi, askari wa KWS watakuwa pamoja nasi.